Jeni iliyoharibika mahali pamoja

Swali la wiki hii linauliza ni ushahidi upi unaoonyesha kwa nguvu zaidi kwamba binadamu na wanyama wengine wana asili moja. Wengi, nadhani, watataja visukuku, wala hawatakosea: Tiktaalik, samaki aliyefukuliwa kaskazini mwa Kanada mwaka 2004 katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 375, ana mapezi yenye mifupa inayolingana na ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Mimi ningeanza na kiseyeye.

Maradhi hayo humpata binadamu kwa sababu mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, ilhali mbwa, ng'ombe na panya huitengeneza katika maini yao. Jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha kazi hiyo, iitwayo GULO, haijatutoka kabisa: mabaki yake yamo katika kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), yamekatikakatika na hayana kazi. Sokwe, orangutani na kima wanayo mabaki ya jeni hiyohiyo, na baadhi ya hitilafu zake ziko palepale zilipo zetu. Komba, ambao ukoo wao ulijitenga na wetu mapema zaidi, bado wanayo ikiwa nzima.

Wapo wanaosema kwamba viumbe hufanana kwa kuwa Muumba mmoja alitumia mpango uleule. Hoja hiyo ina uzito inapohusu kiungo kinachofanya kazi, kama vile moyo. Sioni inavyoweza kueleza uharibifu unaofanana. Simbilisi naye hupata kiseyeye, lakini jeni yake imeharibika kwa mpangilio tofauti, kama inavyotarajiwa kwa mnyama aliyeupoteza uwezo huo kivyake.

Ushahidi wa pili naupenda zaidi, kwa sababu ungeweza kuiangusha nadharia yenyewe. Binadamu ana kromosomu 46, sokwe ana 48. Kwa hiyo, ikiwa babu yao ni mmoja, kromosomu mbili za kale lazima ziliungana upande wetu, na muungano huo ungeacha alama. Mwaka 1991 watafiti walichapisha walichokikuta ndani ya kromosomu ya 2 ya binadamu: mfuatano wa herufi za DNA, TTAGGG, unaojirudiarudia, ambao kwa kawaida hulinda ncha za kromosomu, ukiwa umekutana uso kwa uso na mwenzake uliogeuzwa. Kromosomu hiyohiyo ina sentromia (sehemu inayoshikwa kromosomu zinapogawanywa seli inapogawanyika) moja inayofanya kazi, pamoja na mabaki ya nyingine mahali panapolingana na sentromia ya kromosomu ya sokwe.