Mzee wa Kibendera Anajibu: Walitazamana, Goli Likapita

*Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu alishika kibendera katika ligi za mikoa kwa miaka 17.*

SWALI: Shikamoo Mzee. Kijiweni kwetu tumebishana hadi kahawa imepoa. Kosa baya kuliko yote aliyowahi kufanya mwamuzi ni lipi? Mimi nimeshikilia goli la Lampard lililokataliwa 2010, wenzangu wanasema mkono wa Maradona. Tuamulie. *(Msomaji wa Tandika, Dar es Salaam)*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ushindi nawapa wenzako, ingawa nadhani sababu yangu na yao ni mbalimbali.

Tuanze na lako. Ni Kombe la Dunia, tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, Afrika Kusini, Ujerumani wanaongoza 2-1 dhidi ya Uingereza. Frank Lampard anapiga mpira kutoka ukingoni mwa boksi, unagonga mtambaa panya, unadunda ndani ya goli, unatoka tena na kudakwa na kipa wa Ujerumani, Neuer. Dunia nzima iliuona umevuka. Mwamuzi Jorge Larrionda wa Uruguay hakuuona, na mshika kibendera wake, Mauricio Espinosa, hakuuona. Lakini jiulize Espinosa alikuwa amesimama wapi. Sheria inamtaka awe sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayojilinda, maana ulinzi wake mkubwa ni wa kuotea. Shuti kama lile likitoka, mpira unafika golini kabla yeye hajapiga hatua tano. Mdundo wenyewe ni kufumba na kufumbua, tena anautazama kwa mshazari. Nimesimama pale jua la saa tisa likinipiga usoni, nawaambia hakuna jicho la kulikamata lile. Lilikuwa kosa la macho, na macho yakatafutiwa msaada: Julai 2012 bodi inayotunga sheria za soka iliruhusu teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia la Brazil 2014 likachezwa nayo.

Sasa twende uwanja wa Azteca, Mexico City, tarehe 22 Juni 1986. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Uingereza, watu zaidi ya 114,000 uwanjani. Dakika ya 51 Steve Hodge anajaribu kuokoa, mpira unapaa kurudi kwa kipa wake. Peter Shilton anatoka kuupiga ngumi. Maradona, anayepitwa na kipa huyo kwa kama sentimita 20, anaruka naye, na mpira unaingia wavuni. Amenawa. Ngumi ya kushoto, ameinyanyua karibu kabisa na kichwa.

Watu wote humtazama Maradona katika picha ile. Mimi nawatazama waamuzi. Mwenye filimbi, Ali Bin Nasser wa Tunisia, alikuja kueleza kwamba alikuwa na shaka, kwa hiyo akamtazama msaidizi wake, Bogdan Dochev wa Bulgaria, aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuona. Dochev alikuwa anarudi kuelekea mstari wa kati, na kwa lugha yetu ya uwanjani hiyo ni ishara kwamba goli ni halali. Dochev naye alieleza baadaye kwamba alihisi palikuwa na kasoro, ila enzi hizo msaidizi hakuruhusiwa kujadiliana na mwamuzi juu ya uamuzi wake. Mmoja anasubiri kibendera, mwenzake anasubiri filimbi. Wote wawili wana shaka, na hakuna anayesema.

Kwangu hilo ndilo baya kuliko yote. Espinosa hakuwa na la kusema. Dochev alikuwa nalo.

Huwa inaniuma pia jinsi lawama ilivyogawanywa. Dakika nne baada ya lile goli, Maradona alitoka na mpira nusu ya kwake akawapita Waingereza hadi wavuni, na Bin Nasser alijisifu, kwa haki kabisa, kwamba alikuwa tayari kupiga filimbi ya faulo njiani lakini akaacha mchezo uendelee. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea Tunisia akampa jezi. Mpira wa siku ile Bin Nasser alikuwa ameuhifadhi, na Novemba 2022 uliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 2. Dochev alikwisha kufa mwaka 2017, na jina lake halitajwi ila kwa sekunde zile. Mshika kibendera ndivyo anavyokumbukwa, kwa mara moja aliyokosea.

Nawaeleza haya kwa uchungu kwa sababu na mimi ninayo yangu. Mwaka 1994, kiwanja cha vumbi mkoani Morogoro, mechi ya mwisho ya msimu. Mshambuliaji alituliza mpira kwa mkono, mita kumi tu kutoka nilipo. Niliona kiganja kimefunguka. Nikamtazama mwamuzi, mkubwa wangu kwa umri na kwa daraja, naye akawa ananitazama mimi. Nikainamisha macho, nikakimbia kuelekea kati. Goli likakubaliwa, na timu iliyofungwa ikashuka daraja. Baada ya mechi kipa wao, kijana mwembamba, glavu ziko kwapani, alinifuata nikiwa nafungua kamba za viatu. Hakunitukana. Aliniuliza, "Kaka, hukuona?" Nikamjibu sikuona. Nilikuwa nimeona.

SWALI: Mzee, sisi Wananchi bado tunaumwa na goli la Aziz Ki kule Pretoria. Na VAR ilikuwepo! Hilo unaliweka wapi? *(Shabiki wa Yanga, Temeke)*

JIBU: Pole, mama. Nililitazama nikiwa nimesimama.

Kwa wasiokumbuka: tarehe 5 Aprili 2024, Loftus Versfeld, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya bila kufungana kwa Mkapa. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa panya, likadunda kwenye mstari na kutoka. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania aliacha mchezo uendelee. Ikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, Mamelodi Sundowns wakapita 3-2.

Sheria inasema mpira wote uvuke mstari wote. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi, na mstari wa goli hauzidi sentimita 12. Ukiutazama kutoka juu, ukingo mdogo tu wa mpira ukibaki juu ya chokaa, si goli, hata kama mahali unapogusa ardhi ni ndani kabisa. Kamera isiyokaa sawasawa na mstari hudanganya pande zote mbili: inaweza kuonyesha pengo lisilokuwepo, inaweza kuficha lililopo. Teknolojia ya mstari wa goli humaliza ubishi huo kwa kumpa mwamuzi ishara kwenye saa ya mkononi. VAR ni kitu kingine. Ni watu wamekaa chumbani wanatazama picha zile zile unazoziona wewe, wanazirudisha nyuma na mbele. Hadi sasa nakutana na watu wanaodhani ni kitu kimoja.

Mimi kwa macho yangu niliona mpira umeingia. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba Beida hakwenda kwenye skrini. Najua waamuzi watanijibu kwamba jambo la mpira kuvuka au kutovuka mstari ni la kuambiwa tu na chumba cha VAR, halihitaji mwamuzi akatazame. Ni kweli. Ila utaratibu huo huo unamruhusu kwenda, pale ambapo kwenda kwake kutasaidia uamuzi ukubalike. Robo fainali ya Afrika, 0-0, benchi zima limesimama, watu nyumbani wameshika vichwa: ikiwa hapo si pahali pa kwenda, ni wapi? Kutazama kwake kungechukua dakika moja au mbili. Yanga wangeweza kutoka vilevile, lakini wangetoka wakijua mwenye filimbi ameangalia.

SWALI: Shikamoo babu. Nimemaliza kozi ya uamuzi na Jumamosi ijayo nashika kibendera kwa mara ya kwanza. Nikiona kosa ambalo mwamuzi wa kati hakuliona, naye ni mkubwa wangu sana, nifanye nini? *(Binti wa Dodoma)*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu.

Usidhani vifaa vitakuokoa. Miaka 20 kamili baada ya Azteca, tarehe ile ile 22 Juni, mwaka 2006, Graham Poll wa Uingereza alichezesha Croatia na Australia katika Kombe la Dunia mjini Stuttgart. Alimpa Josip Šimunić kadi ya njano dakika ya 61, akampa nyingine dakika ya 90, wala hakumtoa. Alikuwa ameiandika moja upande wa Australia, kwa mchezaji mwingine mwenye namba 3. Šimunić alitoka nje baada ya kadi ya tatu. Waamuzi wale walikuwa na visemeo masikioni, wanasikizana muda wote, wako watu wanne, na hakuna aliyesema, "Graham, huyu tayari ana njano."

Kwa hiyo anza kabla ya mechi. Mfuate mwamuzi chumbani, mwambie kwa adabu: "Mwalimu, nikiona jambo nyuma yako, unataka nikuiteje?" Akikujibu mbele ya wenzenu, umeshapewa ruhusa, na ukubwa wake hautakuziba mdomo tena.

Faulo ikiwa karibu nawe na yeye hakuiona, nyanyua kibendera, kitikise kidogo, mtazame machoni hadi akuone. Goli likiingia na wewe umeona mkono, usikimbie kati. Simama palepale ulipo, wima, umtazame. Mwamuzi anayejua kazi akikuona umeganda hivyo atakuja. Mwambie ulichoona kwa maneno machache: nani, mkono upi, wapi. Asipokuja, mwite, na umwite mapema. Anaweza kubadili uamuzi ilimradi mpira haujaanzishwa upya pale kati. Ukishaanzishwa, hata akikubaliana na wewe, goli limebaki.

Watazamaji watakuzomea, hasa ukiwa msichana, na huenda ukatetemeka. Tetemeka, lakini umesimama hapohapo. Kisha Jumatatu niandikie unieleze ilikwendaje.