Re: Contemporary maana yake nini hasa?

Mkuu umeuliza contemporary ni "wa kisasa" au ni "wa zama moja", na limetoka wapi. Yote mawili sahihi. Ni Kilatini hiyo, con ni pamoja, tempus ni wakati, Waingereza wamekuwa nalo tangu karne ya 17 na mwanzoni lilikuwa la watu wa zama moja tu. Mfano washairi wetu Shaaban Robert (1909-1962) na Mnyampala (1917-1969), wa zama moja hao ila sio rika moja, hapo ndo wengi wanachemka. Hiyo ya "kisasa" imekuja baadaye, maana usipotaja zama moja na nani watu wanaelewa ni na sisi. Kwa hiyo contemporary wa Shakespeare ni mtu kama Cervantes, yule mwandishi wa Kihispania aliyeishi zama zake, sio msanii wa juzi aisee 😂