Maswali ya Wasomaji: Kuumudu Utunzi Mgumu wa Gitaa kwa Mazoezi ya Kila Siku

Barua tatu tunazozijibu mwezi huu zimetoka miji mitatu tofauti, lakini zote zinahusu utunzi mmoja wa gitaa la klasiki, yaani Recuerdos de la Alhambra wa Mhispania Francisco Tárrega, unaopigwa kwa tremolo, ufundi wa kuirudia nota moja upesi kwa vidole kadhaa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 41, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga gitaa kanisani. Nota za mistari ninazisoma kwa sababu ya kwaya. Mwaka jana nilinunua gitaa la nyuzi za nailoni nikaanza kujifunza utunzi wa Tárrega. Siku za kazi sipati utulivu, hivyo kila Jumamosi huketi mchana kutwa nikiupiga toka mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Nota zote ninazifahamu, lakini tremolo inakwenda kama farasi anayechechemea, na kila ninapoongeza kasi ndipo inapoharibika zaidi. Jamaa mmoja ameniambia kwamba vidole vya mtu mzima havifundishiki tena. Je, niendelee au niuache? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiuache, na maneno ya jamaa yako usiyatie moyoni. Tatizo ulilolieleza halitokani na umri, bali linatokana na namna unavyoyapanga mazoezi yako, na jambo hilo linarekebishika.

Tuanze na utunzi wenyewe, kwa sababu anayeelewa jinsi ulivyojengwa hutambua upesi mahali unapovunjika. Tárrega, aliyezaliwa Villarreal mwaka 1852 na kufariki Barcelona mwaka 1909, aliuandika mwaka 1899 akiikumbuka Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa Granada. Gitaa lina udhaifu mmoja ambao kila mpigaji anaujua: sauti yake huanza kufifia mara tu uzi unapoguswa, wala haiwezi kuvutwa kama sauti ya mwimbaji au ya fidla. Tremolo ni ufundi wa kuuficha udhaifu huo. Kidole gumba hupiga nota moja ya chini, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada hufuatana upesi juu ya uzi uleule wa sauti ya juu, halafu gumba hurudi. Utunzi huu una mapigo matatu katika kila kipimo (kile kisehemu cha nota kilicho kati ya mistari miwili ya wima), na katika kila kipimo mkono wa kulia hugusa nyuzi mara 24: gumba mara 6, na vidole vingine vitatu mara 18.

Kwa hiyo ile sauti ya juu ambayo msikilizaji anaidhani haikatiki kwa kweli inakatika kila baada ya nota tatu, ili kumpisha gumba. Pengo hilo likiwa na urefu uleule daima, sikio hulisamehe na kuliunganisha. Likirefuka kidogo tu, sikio husikia kuchechemea. Ugonjwa wako umo ndani ya pengo hilo, na kuongeza kasi hakuwezi kuuponya, kwa sababu kasi huuficha kwa muda mfupi na kisha huukuza.

Sasa nitasema jambo ambalo wapigaji wengi hawalitarajii. Mara nyingi sana tremolo inayochechemea huanzia mkono wa kushoto. Mkono huo hubadili nafasi yake shingoni hasa wakati gumba la kulia linapopiga. Ukichelewa hata kidogo, mkono wa kulia hulazimika kuusubiri, na pengo linarefuka. Kwa sababu hiyo ningependa uiweke tremolo kando kwa wiki mbili nzima. Katika muda huo piga nota za gumba peke yake, na mahali pa tremolo piga nota moja tu ya sauti ya juu, ukiisubiri hadi mwisho wake bila kuirudia. Utaisikia nyimbo iliyo ndani ya utunzi ikiwa uchi, na utagundua mwenyewe ni katika vipimo gani kidole cha mkono wa kushoto kinakurupuka, au ni wapi kidole cha shahada kilicholazwa juu ya nyuzi kadhaa kinachoka kabla ya wakati wake. Vipimo hivyo vitie alama kwa penseli. Ukiweza, imba sauti ya juu kwa mdomo huku gumba likipiga, maana mtu anayeweza kuiimba sauti hiyo kwa pumzi nzuri hujua inapotaka kukua na inapotaka kutulia, na tremolo isiyojua hayo, hata ikiwa sawasawa kabisa, haina uhai.

Baada ya wiki hizo mbili, rudisha tremolo polepole kuliko unavyopenda. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 60 kwa dakika na uifanye kila sauti yake iwe pigo la gumba, maana yake utapiga nota nne kwa sekunde. Wapigaji wakubwa hufikia nota tisa au kumi kwa sekunde, kwa hiyo utakuwa chini ya nusu ya mwendo wao, na hapo ndipo kasoro zinaposikika na kurekebishika. Sikiliza kama nota zote nne zina nafasi sawa na uzito sawa. Kwa kawaida kidole cha pete ni dhaifu na cha shahada kina nguvu kupita kiasi, kwa hiyo siku moja kipe mkazo cha pete peke yake, siku inayofuata cha kati, kisha cha shahada, huku vingine vikibaki vyepesi. Kila kidole kijifunze pia kutua juu ya uzi mapema kidogo kabla ya kupiga. Katika mwendo wa polepole kutua huko kutaikata nota iliyotangulia na tremolo itasikika kavu. Usiogope, maana ukavu huo unakuonyesha bayana kama vidole vinafika kwa nafasi sawa za muda au la.

Zoezi hilohilo lifanye pia juu ya uzi wa pili, ambako vidole vinapaswa kuingia na kutoka katikati ya nyuzi mbili bila kuzigusa. Sauti ya juu ya Tárrega hushuka hadi kwenye uzi huo, na wengi ambao tremolo yao ni nzuri juu ya uzi wa kwanza hujikwaa hapo. Ukitaka mafunzo ya pembeni, somo la 7 katika masomo 25 ya Mwitaliano Matteo Carcassi, opus 60 (yaani kazi yake namba 60), linaitumia tremolo kwa vipande vifupi na mkono wa kushoto haulemewi sana. Mimi humtaka kila mwanafunzi alipitie kabla ya kuigusa Alhambra.

Nimefika kwenye Jumamosi yako. Mkono hujifunza kile ulichokirudia, uwe ni usahihi au kosa. Unapoupiga utunzi mzima tena na tena kwa saa nyingi, katika saa ya tatu mkono umechoka na masikio yamechoka, na unachokifanya wakati huo ni kulizoeza kosa lako kwa bidii. Isitoshe, siku sita za kupumzika hukurudisha nyuma. Gawa saa hizo. Dakika 40 kila siku, hata kama ni alfajiri kabla ya shule, zitakufikisha mbali zaidi, kwa kuwa mkono huendelea kuyaweka sawa uliyojifunza wakati umepumzika na umelala, na kesho yake unaanza pale ulipoachia.

Katika dakika hizo usiupige utunzi mzima. Chukua vipimo vinne, tena anza na vinne vya mwisho, kisha rudi nyuma vinne vinne kuelekea mwanzo. Hivyo, siku utakapoupiga wote utakuwa unatembea kutoka usichokizoea sana kuelekea unachokifahamu zaidi, badala ya hali ya sasa ambapo, nadhani, mwanzo wako ni mzuri na mwisho ni wa kubahatisha. Utunzi huu una sehemu mbili kubwa, ya kwanza katika A maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, na ya pili katika A meja, iliyo changamfu zaidi. Sehemu ya pili ina miruko ya mkono wa kushoto inayohitaji subira, na haifai kuifikia kila mara ukiwa tayari umechoka kwa kuipiga ya kwanza. Ongeza metronomu kwa alama mbili au tatu tu, na ufanye hivyo pale unapoweza kuvipiga vipimo vyako mara tatu mfululizo bila kosa na bila bega kupanda. Ukisikia maumivu au ganzi mkononi, simama papo hapo. Ganzi ikirudi, muone daktari kabla ya kuendelea.

Mara moja kwa wiki upige utunzi mzima kwa mwendo wa polepole na ujirekodi kwa simu. Mtu anapopiga husikia alichokusudia, lakini simu humrudishia alichokifanya. Kwa mtu mwenye msingi kama wako, kuufikia mwendo wa wastani ulio safi ni kazi ya miezi mingi, na mara nyingi hupita mwaka. Wanaoahidi kwenye video kwamba tremolo hupatikana kwa wiki moja wanawakatisha tamaa watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

SWALI: Salamu, Mwalimu. Mimi ni muuguzi na kazi yangu hainiruhusu kufuga kucha. Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba bila kucha ndefu tremolo haiwezekani. Je, ni kweli? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli, na shahidi ni Tárrega mwenyewe, ambaye katika miaka yake ya mwisho aliacha kupiga kwa kucha akatumia nyama ya ncha za vidole. Mwanafunzi wake Emilio Pujol aliifuata njia hiyo na kuitetea kwa maandishi. Njia ya kucha, aliyoifuata mpigaji gitaa Mhispania Andrés Segovia, ndiyo iliyoenea duniani, kwa kuwa kucha hutoa sauti ang'avu na yenye nguvu inayofaa ukumbi mkubwa. Kumbuka pia kwamba Tárrega alitumia nyuzi za utumbo wa mnyama; za nailoni zilikuja katika miaka ya 1940, na utelezi wake juu ya nyama ya kidole ni tofauti.

Ninachokusihi ni kutochanganya. Kidole kimoja chenye kucha na kingine kisicho nayo hutoa sauti mbili tofauti, na tremolo itachechemea hata kama wakati wako ni kamili. Kata zote, zilainishe kwa msasa laini ili pasibaki ncha inayokwaruza uzi, kisha piga kwa mwendo mdogo sana wa kidole, usiuvute uzi kuelekea nje. Sauti itakuwa ndogo na ya joto, na katika sebule ya nyumbani inapendeza mno.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Ninafanya kazi kwa zamu, tunaishi wanne katika chumba kimoja, na ninapata dakika 20 tu kwa siku, mara nyingi wenzangu wakiwa wamelala. Je, inafaa hata kujaribu? — Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Inafaa, mradi kila siku uwe umeamua jana yake utakachokifanya, ili usipoteze robo ya muda wako ukitafuta pa kuanzia. Tumia dakika 5 za kwanza kwa tremolo juu ya nyuzi zilizo wazi, bila mkono wa kushoto. Dakika 10 kwa vipimo viwili tu, si vinne. Na 5 zilizobaki kupiga kwa utulivu sehemu uliyokwisha kuimudu, ili isipotee. Wenzako wanapolala, ingiza kitambaa laini chini ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kasha. Sauti itazimika karibu yote, na kwa kuwa nota hazitajivuta, utasikia wazi zaidi kama vidole vyako vina nafasi sawa.

Mkono wa kushoto unaweza kufanya kazi bila sauti kabisa. Bonyeza nota za kipimo kimoja, zishike, kisha hamia kipimo kinachofuata ukihesabu moyoni, ukiangalia ni kidole gani kinaondoka cha mwisho na ni kipi kinaweza kubaki mahali pake bila kuinuka. Hata ukiwa kwenye basi la kwenda kazini unaweza kuzisoma nota na kuziona nafasi za vidole akilini. Ukifika kipimo ambacho huwezi kukiona, hicho ndicho utakachoanza nacho usiku huo.