Maswali yenu: hiyo sedani ya zamani iache na rangi yake

Nimenunua Chevrolet ya 1953 milango minne, rangi ya kiwandani bado ipo ila juu ya boneti imefifia mpaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, inaonekana. Niipige rangi kabla ya kiangazi? (Columbus, Ohio)

Usipige. Naomba sana ndugu yangu, usipige. Rangi ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, miaka ile ni laka, na miaka sabini ya watu kuosha, kupaka nta na kusugua ndiyo imeila mpaka hapo, kwa hiyo hiyo praima unayoiona ni ushahidi kwamba hakuna fundi bodi aliyewahi kupita pale na puti yake. Ukishapuliza mpya, hata ya bei kali, hakuna mtu atakayejua tena chini kuna nini. Inua kapeti, toa kiti cha nyuma, chungulia ndani ya milango, mara nyingi utakuta alama za chaki walizoandika wafanyakazi wa kiwandani, utaona ukungu wa rangi ulivyotua mahali usipotakiwa, utaona kitambaa cha viti kilivyoshonwa, vitu ambavyo kitabu cha fundi hakionyeshi. Hata wale wanaofufua magari mpaka yang'ae wanatafuta gari kama yako ili waone vitu vilikaaje. Ndiyo maana Antique Automobile Club of America wana daraja lao la HPOF kwa magari yaliyobaki na vitu vyake vya asili, na pale kufifia siyo aibu. Osha, paka nta kwa mkono, taratibu, na mashine ya polishi isiisogelee kabisa maana itamaliza hicho kidogo kilichobaki. Kutu iliyotoboa sakafu au chesisi ni habari nyingine, hiyo ichomelewe.

Muuzaji anasema ina maili 38,000 tu. Nimwamini?

Hili nimeshalijibu jamani na bado mnalileta. Saa ya maili ya magari hayo ina tarakimu tano, ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwa hiyo hiyo 38,000 inaweza kuwa 138,000 au 238,000, na sheria ya Marekani haimlazimishi muuzaji wa gari ya umri huo kuthibitisha maili. Tazama mpira wa pedeli ya breki, tazama kiti cha dereva, tafuta stika za kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango. Kama hana karatasi usilipie maneno yake. Halafu linganisha namba ya kadi na ya gari kabla hujatoa hela, maana kuna majimbo yalikuwa yanasajili kwa namba ya injini na injini ikishabadilishwa unabaki na kadi ya kitu kisichokuwepo.

Kwa nini gari ya milango minne ina bei rahisi kuliko ya milango miwili?

Kwa sababu wanunuzi wengi wanafuata umbo, wanataka kupe, yaani coupe za milango miwili, na zile za kukunja paa. Matokeo yake sedani nzima, zenye viti vyake na vioo vyake, zinachinjwa spea ili kupe moja ipate bampa na taa, na mimi hili linaniuma kweli. Sedani ndiyo gari familia zilipanda kwenda kazini na kanisani. Kama una hela kidogo na unapenda historia, nunua hii, na ukiona mtu anataka kununua yako "kwa ajili ya spea" mwambie hapana.

Nibadilishe betri ya volti 6 niweke 12?

Hapana. Chevrolet walihamia 12 mwaka 1955, yako ya kabla ya hapo iliwaka vizuri tu na 6, weka waya nene za betri na safisha athi, pale waya unapoungana na bodi.

Naweza kuipeleka Nairobi?

Kenya kwa kanuni ya kawaida gari ikizidi miaka 8 haiingii, na usukani wa kushoto nao ni tatizo. Uliza kabla hujalipa meli.

Tumepata Buick ya babu wa mke wangu, imekaa ghalani tangu 1979. Tunaweza kuweka betri tukawasha?

Msiwashe! Na msidanganyike kwamba kufungiwa ndani ndiyo kuhifadhiwa. Mwaka 1957 jiji la Tulsa, Oklahoma walizika Plymouth Belvedere mpya kabisa kwenye chumba cha zege chini ya ardhi, kuifukua 2007 maji yalikuwa yameingia na gari ni kutu tupu. Kwa hiyo kwanza tochi, chini kabisa, na mtafute viota vya panya kwenye viti na waya. Mwageni mafuta ya tenki yote, ni uchafu sasa, badilisheni mipira ya mafuta, tieni oili kidogo kwenye silinda kupitia matundu ya plagi halafu zungusheni injini kwa mkono kabla ya starta. Tairi zikiwa bado na michongo msizihesabu, zitupeni. Breki ndiyo kubwa: gari nyingi za Marekani za kabla ya 1967 zina laini moja tu ya mafuta ya breki, mpira mmoja ukipasuka hamna breki hata gurudumu moja, kwa hiyo masta silinda (pampu ya breki) na mipira yote iwe mipya, hapo suala la uasilia silisikilizi kabisa. Vumbi la breki za zamani msilipulize kwa upepo, lina asbesto. Na mikanda ya usalama ikiwa haipo, wekeni kabla ya kupandisha watoto.