Bila msumari: ushauri kwa msanii anayeomba ukumbi wa jumba la kale Lamu

Kila jumba la kale hapa Lamu linapotoa mwito kwa wasanii walete mapendekezo ya maonyesho yenye mada, vijana hunijia na maswali mawili: barua iwe kurasa ngapi, na iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza? Mimi huwauliza kama wameshakwenda kukaa ndani ya ukumbi wenyewe. Wengi hawajaenda. Wameuona kwenye picha, au waliupita siku nyingi wakiwa na walimu wao wa msingi.

Nami nilianza hivyo hivyo. Pendekezo langu la kwanza nililiita "Uzuri wa Lamu": michoro 20 niliyoichora kwenye vipande vya matanga makuukuu, yenye majahazi, milango ya nakshi, punda, jua likitua. Mzee aliyekuwa akisoma mapendekezo aliniita, akaitandaza michoro mezani, akaitazama mmoja mmoja. "Mwanangu, mkono wako mzuri," akasema. "Lakini hii ukiitundika hoteli yoyote kule Shela itapendeza vile vile. Mbona waitaka hapa?" Sikuwa na jibu, na nafasi sikuipata. Iliniuma sana. Leo mara kwa mara naitwa kusaidia kusoma barua za wenzangu, na swali la yule mzee ndilo la kwanza ninalolitafutia jibu.

Mada si jina la kubandika juu ya kazi ulizo nazo tayari nyumbani. "Bahari", "Utamaduni wetu", "Mwanamke wa pwani" ni makapu. Lolote utakalolitia litaingia. Mada yenye nguvu ni ile inayopungukiwa ukiihamishia jengo jingine. Itazame Ngome yetu pale Mkunguni. Ilimalizwa kujengwa 1821, ikawa jela tangu 1910 hadi 1984, ndipo ikaja mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Msanii anayetaka kusema juu ya kungoja, au juu ya mama anayempelekea mwanawe chakula langoni, kuta zile zitamsaidia kusema nusu ya maneno. Vivyo hivyo lile jengo la posta waliyoifungua Wajerumani mwaka 1888: hapo kazi kuhusu barua na habari za mbali ina kwao.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye jumba lile lile lililonikataa, nikaomba ruhusa ya kukaa siku tatu tu, na daftari na futi ya kupimia. Siku ya kwanza nilipima. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, upana kama mita 3 hivi, kwa sababu dari hulala juu ya boriti za mikoko na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Maana yake mtazamaji hapati nafasi ya kurudi nyuma. Mchoro mkubwa wa kutazamwa kwa mbali humezwa pale. Niliona pia kuwa mwanga wote unatoka kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, na ikifika alasiri chumba cha nyuma kina giza.

Siku ya pili mlinzi wa jumba aliniona nikigonga ukuta kwa kidole. "Dada, hapa msumari haupigwi, hata mmoja." Akanikalisha barazani akanieleza. Ukuta ni matumbawe na chokaa. Ukiupiga msumari lipu huvunjika, na chumvi na unyevu hupata njia. Na anayekuja kuziba tundu kwa saruji huongeza maradhi, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua. Nilivunjika moyo. Maonyesho bila kutundika ni maonyesho gani?

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nawaza juu ya misumari, na ghafla nikaukumbuka mtepe. Chombo cha babu zetu wa visiwa hivi kilivuka bahari mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, na tanga lake likiwa mkeka. Kisha yakaja mengine yenyewe: ukili unaoshonwa ukawa mkeka, kofia ya vito inayotobolewa na kushonwa kwa miezi, kitanda cha kamba. Mji mzima ulikuwa umeshikana kwa uzi. Lile katazo lililonivunja moyo ndilo lililonipa mada. Nikaiita "Bila Msumari".

Pendekezo lilikuwa kurasa mbili. Nilieleza jumba lina nini, kazi zangu zinalijibu vipi, na kila kitu kitasimama vipi: fremu za miti ya mikoko zinazojisimamia sakafuni, michoro ya matanga imefungwa kwa kamba za makumbi, hakuna kinachogusa ukuta. Nilichora ramani ya ukumbi na vipimo vyake. Niliomba washona kofia wawili na mama mmoja wa mikeka wakae wakifanya kazi zao pale pale, na malipo yao niliyaandika kwenye bajeti kabla ya yangu. Tafadhali msiwaombe mafundi waje "kwa ajili ya utamaduni" huku ninyi mnalipwa. Siku yao ni riziki yao.

Kwenye bajeti watu husahau njia. Mzigo ukifika Mokowe, gati ya upande wa bara, unapanda mashua, ukishuka gatini unabebwa na hamali au punda, na mitaa yetu mingine mtu akinyoosha mikono anagusa kuta mbili. Fremu yangu moja haikupita mlangoni, ikabidi tuifungue barabarani na kuifunga upya ndani. Pimeni mlango kabla ya kupima ukuta.

Tarehe nayo iandikwe kwa akili ya mji. Wakati wa kuzi, ule upepo wa kusini, na mvua za masika bahari huchafuka na wageni hupungua. Karatasi nazo hujikunja kwa unyevu. Maulidi ya mfungo sita mji hujaa watu, lakini watu wenyewe wamekuja kwa jambo jingine, na ukiweka ufunguzi wako usiku wa shughuli kubwa utakuwa umewakosea adabu. Ramadhani, fungua baada ya tarawehe au subiri Idi. Siku za kawaida, baada ya sala ya alasiri ndiyo saa nzuri, mradi taa umeziandaa.

Maelezo ya kazi yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Ukionyesha sura ya mtu wa mtaani, awe ameridhia, na familia yake ijue.

Nanyi mnaotoa mwito, neno moja. Fungueni mlango kwa siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ili msanii aingie apime. Tangazeni vipimo, semeni wazi mtalipia nini, na mkimkataa mtu mwambieni kwa nini. Mimi nisingelipata lile swali la mzee, ningerudi mwaka wa pili na machweo yale yale.

Barua ikishaisha, msomee mtu asiye msanii. Mimi nilimsomea shangazi yangu akiwa anasuka ukili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akauliza, "Basi mimi nikija, nikivuka kizingiti, naona nini kwanza?" Nikarudi mezani nikaandika aya moja zaidi: mgeni akiingia macho yatatua wapi, atapita wapi, ataketi wapi akichoka, na atatokea mlango gani.