Maswali na majibu: Nchi ikiikataa Mahakama ya Hague

Pale Jaws Corner tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema Marekani ilikuwa mwanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hiyo ya Hague, ikajitoa, mwenzangu anasema haijawahi. Nani mkweli? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Mwenzako. Bill Clinton alitia saini Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, tarehe 31 Disemba 2000, siku ya mwisho ya kutia saini, lakini hakuupeleka Seneti. Mei 2002 serikali ya George W. Bush ikauarifu Umoja wa Mataifa kwamba haina nia ya kuuridhia. Ilikuwa posa tu, ndoa haikufungwa. Miongoni mwa waliojitoa hasa ni Burundi, mwaka 2017, na Ufilipino, 2019.

Mwalimu, mahakama ya kuhukumu wauaji mtu anaikataaje? (Mwanafunzi, Wete)

Wamarekani wanasema wana askari kila pembe ya dunia, na wanachelea mwendesha mashtaka mwenye chuki za kisiasa. Si hoja ya kipuuzi. Lakini kifungu cha 17 cha mkataba kinaijibu: kesi ambayo nchi yenyewe inaichunguza kwa dhati, Hague haiigusi. Mshitaki askari wako kwenu, basi.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mwaka 2005 Baraza la Usalama lilipoipeleka Darfur mbele ya mahakama hiyo, Marekani haikutumia kura ya turufu. Mwaka 2011, kwa Libya, ikapiga kura ya ndiyo. Sudan na Libya nazo si wanachama! Kumbe mahakama inafaa, ili mradi mshitakiwa si wa kwao. Ilipofika zamu ya askari wao kuchunguzwa kwa waliyoyatenda Afghanistan, mwaka 2020, serikali ya Donald Trump ikamwekea vikwazo mwendesha mashtaka Fatou Bensouda, mama wa Kigambia aliyewahi kufanya kazi hapo Arusha kwenye mahakama ya mauaji ya Rwanda.

Kama si wanachama, Afghanistan inawahusu nini? (Msomaji, Makunduchi)

Afghanistan ndiyo mwanachama. Kosa likitendeka katika ardhi ya mwanachama, mahakama ina uwezo nalo, awe mtendaji raia wa wapi. Kukataa kujiunga kunakulinda ukiwa kwako tu, tena Baraza la Usalama lisipokuleta.

Zanzibar hatuwezi kujiunga wenyewe? (Msomaji, Bububu)

Hatuwezi, mambo ya nje ni ya Muungano. Mnakumbuka ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu: tulijiunga peke yetu, 1993 tukajitoa. Lakini tumo tayari, Tanzania iliridhia Agosti 2002.

Na waliouawa hapa Pemba Januari 2001? Hague haiwezi kuwasikiliza? (Msomaji, Chake Chake)

Haiwezi, ndugu yangu, na sitaki kukupa tumaini la uongo. Mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Julai 2002, na kwa Tanzania, iliyoridhia baadaye, tarehe 1 Novemba 2002. Waliopigwa risasi kwenye maandamano ya tarehe 27, na waliopanda mashua usiku kukimbilia Shimoni, Kenya, wamebaki nje kwa muda usiofika miaka miwili. Hata yangetokea baadaye, ingebidi ithibitishwe kuwa ni mashambulizi mapana au ya mpango dhidi ya raia, na hilo mawakili wangelivutana miaka. Vilivyobaki ni vyombo vyetu wenyewe, vya Zanzibar na vya Muungano, na hivyo kufungua jalada havihitaji ruhusa ya Hague.