Nunueni daftari kwanza, kamera baadaye

Wahariri, wiki hii mmeuliza: ugonjwa ukifunga milango ya kanisa la mtaa, watu wakutane vipi, na kazi ya umisheni isimame au iendelee? Najibu kwa kutazama Pwani ya Kenya mwaka 2020, kwa sababu huko amri zilibadilika mara nyingi na kila mara zikaanika mahali tulipokuwa hatujajiandaa. Nawaandikia hasa makarani, watunza hazina na kamati za umisheni. Wachungaji wana washauri wa kutosha.

Mfuatano wenyewe ni huu. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa 13 Machi 2020. Tarehe 22 ibada za pamoja zikasimamishwa nchi nzima. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mikesha ikafa siku hiyo hiyo. Mapema Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa: magari ya mizigo yalipita, abiria hawakupita. Julai 6 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu nyumba za ibada zifunguliwe kwa masharti ya baraza la viongozi wa dini lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri: watu wasiozidi 100, dakika 60, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita 58. Mwishoni mwa Septemba hesabu ikawa theluthi moja ya nafasi ya jengo.

Kati ya tangazo la kwanza na kusimamishwa kwa ibada zilipita siku tisa. Kanisa lisilojua watu wake wanaishi wapi halikuweza kujua kwa siku tisa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni daftari. Rejista za ubatizo, ndoa na kwaya tunazo. Nisemalo ni daftari la nyumba, mstari mmoja kwa kila nyumba. Andikeni jina la mwenye nyumba, idadi ya wakaaji, mtaa na alama ya karibu (kisima, duka, msikiti), namba ya simu, simu hiyo ni ya nani, kama kuna mtu wa dawa za kila mwezi, na jirani anayeweza kubisha hodi. Safu ya "simu ni ya nani" huonekana ya upuuzi hadi siku unapopiga namba ya bibi wa Kaloleni ikapokewa na mjukuu aliyeko Changamwe, ambaye hajafika nyumbani tangu Krismasi. Kwenye dawa jibu liwe ndiyo au hapana, basi. Daftari litapita mikono mingi, na aliyeandikwa jina la ugonjwa wake hatawaamini tena.

Nyumba 8 hadi 12 zipewe kiongozi mmoja na msaidizi. Kila Jumanne na Ijumaa wapige simu na kuuliza mambo matatu: kuna mgonjwa? Kuna chakula cha siku tatu? Kuna aliyefiwa? Kila simu ikichukua dakika nne, nyumba kumi ni dakika 40, mara mbili kwa wiki. Salio hilo litoke kwenye hazina, lisitoke mfukoni mwa kiongozi. Asipopewa, kufikia wiki ya tatu atakuwa anawapigia marafiki zake tu na kuandika "wote salama". Nakala za daftari ziwe tatu, katika nyumba tatu. Nakala iliyo ofisini haihesabiki, kwa sababu ofisi ndiyo iliyofungwa kwanza. Halafu jaribuni siku moja ya kawaida bila kutangaza: ujumbe mmoja utoke kwa karani asubuhi, na kufikia alasiri kila nyumba iwe imejibu. Zile ambazo hazikujibu ndizo za kutembelewa kwa miguu wiki hiyo.

Sasa kamera. Makanisa mengi yaliikimbilia kabla ya kuuliza nani ataitazama. Video ya ubora wa kati, yaani megabiti 2.5 kwa sekunde, hula zaidi ya GB 1 kwa saa. Sauti ya WhatsApp ya dakika 15 hula MB 2 au 3. Mama mwenye bando la siku atasikiliza sauti na kuituma kwa jirani. Video ataifungua dakika mbili, izunguke, aachane nayo. Mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp, hana hata hiyo sauti, na yeye ndiye anayehitaji kupigiwa na kiongozi wa kikundi ambaye ameshasikiliza mahubiri na anaweza kusoma naye andiko lile lile. Kama lazima mrushe ibada, kuna mitego inayojulikana. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua saa 24 kabla ya kuruhusiwa kurusha moja kwa moja, kwa hiyo walioifungua Jumamosi usiku walikosa Jumapili. Zoom ya bure ilikata mkutano wa kikundi kwenye dakika ya 40, katikati ya maombi. Facebook hunyamazisha video ukipiga nyimbo za wasanii zilizorekodiwa. Lakini kosa kubwa lilikuwa sauti: simu imewekwa mita nane kutoka mimbarini, inanasa mwangwi wa mabati na feni. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ikiwa imechomekwa kwenye simu, hufaa kuliko kamera ya bei mbaya.

Milango ilipofunguliwa, watu wengi walishika ile namba 100 na kusahau kwamba jengo lao halifiki huko. Pimeni sehemu ya kukaa peke yake, bila madhabahu wala veranda. Sehemu ya mita 7.5 kwa 12, kila kiti kikiwa katikati ya mraba wa mita 1.5, inabeba viti vitano kwa upana na nane kwa urefu: watu 40. Familia ya nyumba moja inaweza kukaa pamoja, na hapo mnapata nafasi chache za ziada. Wekeni alama za rangi sakafuni. Viti vya plastiki husogea kufikia ibada ya pili, alama hazisogei. Kati ya ibada na ibada acheni nusu saa, madirisha wazi, na watu watoke kwa mlango mwingine wasipishane na wanaoingia.

Sharti la umri liliumiza kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Waliozidi 58 ndio wazee wa kanisa, ndio watia saini wa benki, ndio wenye funguo, na mara nyingine ndiye mchungaji mwenyewe. Kanisa lisilo na mtia saini wa pili aliye chini ya umri huo lilibaki na pesa lisizoweza kuzitoa.

Kuhusu usafi, tulitumia nguvu nyingi kwenye vitu na kidogo kwenye hewa. Kibuyu chirizi mlangoni ni sawa. Maji ya Jik ya kupangusia viti ni sawa, ila someni lebo: chupa ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji ili kupata asilimia 0.1, na mchanganyiko ufanywe upya kila siku kwa sababu hupoteza nguvu. Kipimajoto cha bastola kikipimwa kwa mtu aliyetoka juani hudanganya, akae kivulini kwanza. Na hata kikisoma vizuri, mwenye virusi bila homa atapita. Hatari yenyewe ilikuwa kwenye pumzi, na kwa kanisa pumzi ni uimbaji. Machi 2020, katika jimbo la Washington, Marekani, kwaya ya Skagit Valley ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Walikuwa 61, waliougua ni 53, wawili wakafa. Kwaya ya watu 30 kwenye jukwaa la mita nne ni hivyo hivyo. Waimbaji wawe wanne, watazame upande mmoja, au ibada ihamie chini ya mwembe. Mwembe ulikuwa ukumbi bora kuliko wote na hatukuutumia vya kutosha, eti si heshima. Wenye hema waondoe kuta za pembeni. Feni isipulize kutoka safu ya mbele kwenda ya nyuma. Ielekezwe dirishani ikitoa hewa nje.

Nije kwenye umisheni, ambako nadhani ndiko tulikojifunza zaidi.

Makanisa ya Mombasa yamezoea umisheni wa safari: basi la Agosti kwenda Ganze, Magarini au Kinango, siku nne, filamu usiku, wageni wawili kutoka ng'ambo. Yote yalikatika. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama 25 Machi na hazikurudi hadi 1 Agosti. Aliyebaki kazini ni mwinjilisti anayeishi kule kule, mwenye baiskeli na shamba la mihogo. Kamati iliyokuwa inamtumia posho kila mwezi iliendelea na umisheni bila kukosa Jumapili. Kamati iliyokuwa inamkumbuka wakati wa safari tu iligundua Mei kwamba ameacha kazi na kwenda kuchoma makaa.

Kwake mahitaji hayakuwa makubwa: posho ifike tarehe ile ile, salio, sabuni, barakoa za kitambaa za kufua, na mtu mmoja mjini wa kumpigia. Mmoja tu. Akipigiwa na mchungaji, katibu, mwenyekiti wa akina mama na mfadhili, kila mmoja akitaka ripoti yake, atajaza ripoti badala ya kutembelea watu. Ripoti iwe ujumbe mfupi wa Ijumaa: nyumba alizofika, wagonjwa, wenye njaa, vifo. Namba nne. Picha si lazima.

Chakula ndicho kilichotumia pesa nyingi na kukosewa zaidi. Kosa la kwanza ni kubeba unga kutoka Mombasa. Lori lilipita, ndiyo, lakini nauli na upakiaji vilikula sehemu ya chakula, na kushusha gunia mbele ya kanisa kuliita umati ule ule tuliokatazwa. Njia iliyofaa zaidi ilikuwa duka la kijiji. Kamati inapatana na mwenye duka, mwinjilisti na mzee wa kijiji wanagawa vikaratasi vyenye namba na muhuri, mtu anachukua vitu siku anayotaka, na duka linalipwa kwa M-Pesa vikaratasi vikirudi. Andikeni vitu na uzito kwenye kikaratasi, msiandike shilingi, maana bei ikipanda anayepunjwa ni mama. Na pataneni mapema kwamba mwenye duka hatakata madeni ya zamani. Hilo lilitokea sana: mtu anakuja na kikaratasi cha paketi saba anarudi na tatu, nyingine zimelipa sukari ya Januari.

Kwa nini saba? Mgao wa msingi wa misaada ni karibu gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharagwe na gramu 25 za mafuta. Nyumba ya watu watano hula kilo mbili za unga kwa siku. Kifurushi cha paketi mbili za kilo mbili, kile tulichopenda kukipiga picha, kilikuwa chakula cha siku mbili. Nusu mgao kwa wiki mbili, ukijua kwamba wana mihogo na mchicha, ni paketi saba za unga, maharagwe kilo mbili, mafuta lita moja, chumvi na kipande cha sabuni. Afadhali nyumba 20 kwa kipimo hiki kuliko nyumba 70 za picha.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, njaa ikiwa imeshaingia. Katika vijiji vya mchanganyiko, orodha iliyoandikwa kanisani peke yake ilileta maneno, na ilistahili. Orodha iandikwe na watu watatu, mwinjilisti, imamu na mzee wa Nyumba Kumi, kwa kuangalia njaa, si dini. Mahubiri yasifungwe pamoja na unga. Anayetaka kuuliza habari za imani anajua mwinjilisti anakaa wapi.

Mwisho ni pesa. Kuanzia katikati ya Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya M-Pesa kwa anayetuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na ada zikarudi baada ya Desemba. Bajeti zilizofanywa kana kwamba punguzo ni la milele ziliyumba Januari. Tumieni Paybill ya kanisa, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya taasisi, kamwe isiwe namba ya mtu. Kwenye sehemu ya akaunti watu wataandika "umisheni", "mission", "misheni", "sadaka ya mch", na mtunza hazina atakesha akizitenganisha. Wapeni tarakimu: 1 sadaka, 2 fungu la kumi, 3 umisheni, 4 wahitaji. Zitangazwe kila wiki kwa mpangilio ule ule, na zisibadilishwe katikati ya mwaka.

Akiba ya posho za wainjilisti iwe ya miezi mitatu, katika akaunti ambayo kamati ya ujenzi haina saini. Sadaka ikishuka, kata kwanza ujenzi, kisha vyombo, semina na safari za kamati. Na wale rafiki wa ng'ambo ambao safari yao imefutwa waandikieni mapema, kabla tiketi hazijarudishiwa pesa, muwaombe nauli ya mtu mmoja tu iingie kwenye akaunti hiyo: nauli ya kwenda na kurudi kutoka Marekani hulipa posho ya mwinjilisti wa Kinango kwa miezi mingi.